Moshi wa Padre Othmar

Mimi ni fundi wa mabango Mbinga mjini. Saluni, duka la pembejeo, tahadhari mbwa mkali: nimeandika vya kutosha. Lakini macho ya mama yangu, Dafrosa, yalipoanza kuingiwa na ukungu, niliona aibu kwamba sijawahi kumchora. Nilitaka aione sura yake kabla giza halijamkuta.

Mwalimu sikuwa naye, wala sikumtaka. Kila Jumamosi nilishuka ziwani, kijijini kwa mama, ambako sakristia ya parokia ina picha ya Padre Othmar, Mjerumani wa zamani, iliyochorwa kwa rangi ya mafuta. Miezi minne nilikaa mbele yake na daftari langu. Nikagundua siri ya wachoraji wakubwa: ngozi kahawia, kivuli kahawia, hata anga nyuma ya kichwa kahawia. Nikachanganya rangi mpaka nikaipata kahawia ile ile. Valence, fundi mwenzangu, aliuliza mbona padre anaonekana kama kabanikwa. Nilimwambia arudi kwenye mabango yake ya mbwa mkali.

Kisha nikamchora mama kando ya tanuri lake la kukaushia samaki wa mbasa. Nilijivuna, sifichi. Nikaibeba turubai hadi sakristia nikailinganishe na ya mwalimu wangu.

Nilimkuta Sista Winifrida na pamba iliyolowa maji mkononi. Wageni wa jubilei ya parokia walikuwa njiani. Nusu ya padre ilikuwa imeshafutwa. Chini ya masizi ya mishumaa na taa za karabai alikuwepo Mzungu mwekundu, na nyuma yake ziwa letu, bluu kabisa. Kahawia yangu yote ilikuwa kwenye pamba ya sista.

Nilirudi kwa mama nimenuna, nikafungua rangi nyeupe nianze upya. Nikamweleza kwamba kwa ujinga wangu nimempaka moshi. Akaisogelea picha hadi pua ikakaribia kuigusa, akaikagua kwa jicho lenye nafuu. Tanuri lilikuwa linafuka nyuma yake, kama lilivyofuka tangu sijazaliwa.

"Padre walimpaka moshi watu wengine," akasema. "Huu wangu nimeuwasha mwenyewe, ukakusomesha. Ukiufuta, baba, hapo utakuwa umemchora nani?"

Nikafunga rangi nyeupe.

Valence alipoiona picha aliuliza nani alinifundisha kuchora moshi wa kweli namna ile. Nilimjibu kwamba ni padre.