Tangazo la Tatu

Eliudi alikuwa amekata mkonge miaka sita karibu na Kigombe, akitoka jasho hata usingizini, na miaka yote hiyo hakuuona ukungu hata kwa dawa. Kwa hiyo Jumapili ile ya Julai, mwaka hamsini na sita, alipoondoka Muheza alfajiri na kuanza kupanda vilima vya njia ya Amani, akakuta kipupwe kimeufunika mlima wote na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, alifurahi kama mtoto. Aliufungulia mdomo, akauonja. Ladha ilikuwa ileile ya kwao Njombe.

Rafiki yake Mselem, fundi cherehani aliyemlaza usiku ule, alikuwa amemwonya. "Kule juu njia zimesokotana kama utumbo wa mbuzi. Ukipotea, uliza. Kuuliza si ujinga."

"Mimi nimezaliwa ndani ya ukungu," Eliudi akamjibu. "Nyie watu wa pwani ndio mkiuona mnadhani nyumba inaungua."

Safari yenyewe haikuwa ya mchezo. Mchungaji wa kule mlimani alikuwa na sharti lake: tangazo la tatu la ndoa halisomwi mpaka bwana arusi asimame kanisani, watu wamwone uso. Kesho yake mchungaji alikuwa anaondoka, harudi mpaka Desemba. Na mzee Kristofa, baba yake Lea, mchumba wa Eliudi, alikuwa ametamka mbele ya mshenga kwamba watu wa mkonge ni ndege wa kupita. Huyu asipoonekana Jumapili hii, mbuzi wake wa mahari watateremshwa Jumatatu, na maneno yaishe.

Hata hivyo Eliudi alipanda akicheka peke yake. Viatu alivishika mkononi visichafuke. Alimwamkia mtu aliyesimama kando ya njia, "Kamwene!", akaona hajibiwi, akamsogelea, kumbe ni kisiki. Akakiomba radhi. Kisha akacheza ngoma ya kwao hatua tatu mbele ya kisiki hicho, maana nani angemwona? Akateleza, akakaa chini kwenye matope, akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Alikuwa anaoa! Ulimwengu mzima ulikuwa mweupe, na yeye ndani yake anaoa!

Njia panda ya kwanza alishika kulia kwa kujiamini. Ya pili alishika kushoto kwa kujiamini zaidi. Ya tatu hakuikumbuka kabisa. Mara moja tu alipokuja na mshenga wake, jua lilikuwa linawaka. Ndipo akasikia kengele, ngo, ngo, ngo. Kule kengele ni kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini na kugongwa kwa nyundo, na sauti yake huenda mbali.

"Si nilisema?" Eliudi akauambia ukungu, akaikimbilia sauti.

Aliingia kanisani akihema. Watu wote walikuwa wamepiga magoti, lakini yeye sharti lake lilikuwa kusimama, basi akaenda kusimama mbele kabisa, kifua mbele, matope mpaka mapajani.

"Nimefika!" akasema. "Mimi ndiye bwana arusi!"

Katekista aliyekuwa akiongoza sala akaikatiza. Bibi mmoja wa safu ya mbele, Praxeda, akamtazama toka juu mpaka chini.

"Wa nani, mwanangu? Mimi nimekaa bila mume mwaka wa ishirini. Kama umetumwa kwangu, sema."

Kanisa zima likaangua kicheko. Hapo Eliudi akaona rozari mikononi mwa watu, akaona na sanamu ya Bikira Maria ukutani.

"Shikamoo, bibi," akasema kwa sauti ndogo. "Hapa ni kwa Wakatoliki?"

"Marahaba. Tangu enzi za Mjerumani."

Katekista, jina lake Tadeo, alimtoa nje kwa mkono. "Walutheri wako kilima cha pili. Shuka mtoni, vuka, panda. Usingoje kengele, yao imekwisha kulia zamani."

Eliudi alishuka mbio. Mtoni kiatu kimoja kilikwenda na maji, wala hakugeuka kukitazama. Upande wa pili mlima ulikuwa utelezi mtupu, akaupanda kwa mikono na magoti; mtaka cha mvunguni sharti ainame. Juu kulikuwa na weupe tu. Hakuna njia, hakuna mti, hakuna sauti. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile aliogopa. Aliwaona mbuzi wake wakiteremshwa, na Lea amesimama mlangoni akiwasindikiza kwa macho.

Ndipo akasikia wimbo.

Akaufuata. Wimbo ukaisha, naye akasimama. Ukaanza tena, uleule, ubeti wa kwanza. Akakimbia. Ukaisha, ukaanza tena. Aliyekuwa akiuanzisha alikuwa mwanamke, na sauti ilikuwa imepasuka, na Eliudi akaijua. Akapanda akicheka na kulia kwa pamoja.

Alipotokea mlangoni Lea aliacha neno katikati, akaketi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mara saba!" mchungaji akasema, akijifuta jasho. "Kila nikifungua kitabu niseme bwana arusi hayupo, huyu binti anaanzisha tena. Na wimbo wa Mungu ukishaanzishwa, mchungaji gani ataukatiza?"

Akasoma majina yao kwa mara ya tatu. "Mwenye pingamizi aseme sasa."

Mzee Kristofa akasimama. Mzee akafungua mdomo, pasitoke kitu. Akakohoa, akajaribu tena, na sauti ikaja imekauka kama ya jogoo mgonjwa.

"Mara zote saba nimeimba na mimi," akasema. "Mzee mzima haimbi mara saba kumngoja mkwe asiyemtaka. Keti, baba, unatuchafulia sakafu."