Betri ya Khavere

Mtaa mzima wa Mbotela ulijua kwamba Roho akishuka, anaanza na Khavere. Ngoma zikikolea pale kanisani, mama wa watu anapepesuka, macho yanageuka, puu, chini. Basi hapo ni vigelegele tu! Wanamfunika leso, mumewe Shitanda anaichapa ngoma kwa nguvu zaidi, na akizinduka wote wanamsogelea wakitaka neno. Neno lenyewe hakuwa nalo kila mara. Lakini angesemaje hivyo mbele ya watu waliompigia magoti? Na tusidanganyane, heshima ile aliipenda.

Mwaka ule wa Elinino, mvua ikimwagika lakini mabomba ya mtaani yamekauka, akaanguka kwenye foleni ya maji. Hapakuwa na ngoma wala wimbo. Majirani wakambeba hadi hospitali. Daktari, binti mdogo tu, akamshika kifundo cha mkono kwa muda mrefu, kisha akamweleza kwamba umeme unaouamrisha moyo kupiga unakatikia njiani. Moyo ukisahau kidogo, mtu anaanguka. Ukisahau sana, haamki.

Khavere akaudhika. Ati Roho wa Mungu aitwe stima? Akakataa katakata kuwekewa mashine ya kuusaidia moyo, mpaka alipozimia tena palepale kitandani, akazinduka na kumkuta muuguzi amemwinamia, anamkandamiza kifua huku jasho likimtiririka. Akakubali.

Hawakumlaza usingizi. Walimchoma sindano ya ganzi karibu na bega, wakapitisha waya mwembamba ndani ya mshipa hadi moyoni, wakauunga na kidude cha betri chini ya ngozi, naye anasikia mashine ikilia kivivu, ti, halafu kimya, halafu ti. Ghafla ikachangamka. Miguu iliyokuwa baridi miezi mingi ikapata joto hadi vidoleni, na machozi yakamtoka. Akauliza kidude hicho kinafanya nini humo ndani.

"Kinasikiliza," daktari akasema. "Moyo ukipiga wenyewe, kinanyamaza. Ukichelewa, kinaugusa."

Jamani! Kitu kidogo kama kibiriti, kinakaa gizani kikiungoja moyo wa mtu, hakichoki wala hakijigambi. Khavere alipitisha kidole juu ya bandeji kwa woga, kama anayegusa madhabahu.

Kidonda kilipopona akarudi kanisani. Ngoma zikakolea, wakamtengea nafasi, leso tayari mikononi. Akacheza. Wimbo ukaisha, ukarudiwa, yeye bado wima, pumzi tele. Watu wakaanza kutazamana. Kujiangusha kulikuwa rahisi, kulegeza magoti tu, na heshima yote ingerudi. Nasambu, kiongozi wa akina mama, akamnong'oneza akitaka kujua kama Roho amemwacha.

Khavere akainua mkono. Ngoma zikanyamaza.

"Nilikuwa nakufa," akasema. "Kila mara nilipoanguka, nilikuwa nakufa. Nanyi mkinipigia vigelegele. Leo Mungu amenisimamisha, na mnauliza yuko wapi."

Shitanda akaiacha ngoma, akapita katikati ya waumini, akamkumbatia mkewe mbele ya kanisa zima, akalia kwa sauti.