Bamba Lisilopakwa Masizi

Miaka ile simu za mkononi zilipoanza kujaa Sumbawanga, Bertilla alikuwa mjane, fundi wa simu pale Milanzi. Kilichomlisha ni kamera ya joto aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kwenye kioo chake penye moto huwa pekundu na penye baridi huwa buluu, nayo ndiyo aliyoitazamia risasi ya kuungia nyaya mpaka iyeyuke sawasawa bila kuunguza simu ya mtu.

Asubuhi moja shemeji yake Baltazari aliingia bila hodi.

"Kamera ya kaka yangu, shemeji. Leo inatoka."

"Kaa kwanza unywe chai."

Alimzaba kofi, akamsindikiza na teke la mbavu. Bertilla akaangukia maboksi ya spea, damu ya pua ikatiririka kwenye kitenge. Baltazari akainyakua kamera, akaielekeza mezani, kwenye bamba la alumini la kupashia simu, lililotoka kuepuliwa jikoni sasa hivi. Kiooni lilikuwa buluu tupu.

"Bamba lenyewe la baridi, nawe unajiita fundi," akacheka. "Nitakupasua nalo kichwa."

Bamba linalong'aa huidanganya kamera, likaonekana baridi hata likiwa la moto, ndiyo maana Bertilla hulipaka masizi kwanza, na leo alikuwa hajalipaka. Angeweza kusema. Alifuta damu, akanyamaza.

Baltazari aliitia kamera kwapani, akalishika bamba kwa mikono miwili. Ngozi ikachachatika kama nyama kikaangoni, ikagandia. Alipiga yowe, kamera ikamdondoka, akaangukia magoti.

Bertilla aliiokota kamera, akaifunga kitengeni vizuri, ndipo akaenda kuchota maji ya kummwagia.