Nati Tatu

Wiki ya pili sasa Sikudhani anameza dawa za kichwa kila akitoka kubeba zabibu Makutupora na pikapu yake. Mumewe anasema ni jua. Leo asubuhi akafungua boneti, akaona masizi yametapakaa pale bomba la moshi linapoungana na injini. Nati moja imekazwa mpaka mwisho, mbili zinacheza, gasketi ya kuzuia moshi usivuje imekaa upande. Moshi wote huo alikuwa anauvuta yeye.

Akaendesha vioo wazi mpaka gereji ya Miyuji, kwa fundi aliyemfungia bomba hilo wiki mbili zilizopita.

“Abubakari, nati hizi ulifunga wewe?”

“Mimi, dada. Kwani gari si linatembea?”

“Zinakazwa kidogo kidogo, kwa zamu, zote zilingane. Mimi dereva tu, na najua.”

“Moshi kidogo hauna shida, dada.”

Sikudhani akamfungulia mlango. “Basi ingia, pandisha vioo. Nawasha injini, ukae humo nusu saa.”

Fundi akarudi nyuma hatua moja. “Leo hapana, dada. Kichwa kinaniuma.”

Sikudhani akatoa vidonge mkobani, akamtia kiganjani. “Meza. Mimi havijanisaidia. Halafu chukua spana.”