Kidole Gumba Kwenye Jeli

Walimwita Mbuzi kwa sababu ya milima. Kisiwa kilikuwa na vilele vitatu, na hakuna mtu wa maabara aliyevipanda kama yeye, mzigo mgongoni, mluzi mdomoni. Kazi yake ilikuwa kufunua visahani vya jeli huko juu, kuviacha vipigwe na upepo, kisha kuvifunika na kuvishusha. Dada yake alivipokea, akaviweka chini ya taa, akangoja vidoa vya kijani viote. Ulikuwa mwani, lakini si ule wa baharini. Huu ni mdogo kuliko vumbi na husafiri hewani. Walitaka kujua kama mwani wa mlima mmoja huvuka hadi mwingine, au kila kilele kina wake.

"Kidole, Mbuzi!" dada alimfokea kila safari. "Ukigusa jeli umeniharibia kazi."

"Dada, hata nikijikuna utajua?"

"Nitajua. Nenda kaoge."

Safari ya mwisho alishushwa kwa machela. Jiwe lilikuwa limelowa ukungu, basi. Waokoaji walileta na mkoba wake, na ndani mlikuwa na kisahani kimoja cha kilele kirefu kuliko vyote, kimezungushiwa utepe vizuri kama alivyofundishwa.

Baada ya maziko dada alirudi kazini, macho yamevimba, akakiweka kisahani chini ya taa. Siku zikapita. Asubuhi moja alikiinua, akakisogeza karibu na macho. Katikati ya jeli palikuwa na alama ya kidole gumba. Mistari yote, mizunguko yote, hata lile kovu la kisu cha jikoni alilolipata utotoni, vimechorwa na bakteria wa ngozi yake, weupe kama maziwa. Bila shaka upepo ulitaka kumpokonya kisahani, naye akakidaka. Na humo humo kati ya mistari, vidoa vya mwani vilikuwa vimeota, rangi yake ya kijani ikielekea dhahabu.

Mkuu wa maabara, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alivitazama kwa hadubini mpaka chai yake ikapoa.

"Hivi havina ndugu kwenye mlima mwingine wowote," akasema. "Vikwangue leo, mwanangu, uvihamishie kwenye jeli safi. Kuvu ikiingia, tumekwisha."

"Nikikwangua, alama itakwenda."

"Tutaipiga picha kwanza."

"Picha zake ninazo, mama, zimejaa ukutani. Picha haikui."

Mkuu alimshika bega, akaondoka akiamini kazi itafanyika. Haikufanyika. Kila asubuhi dada aliwahi kabla ya wenzake, akajifungia, akakaa na kisahani kiganjani. Alikisimulia habari za nyumbani: mama hali chakula vizuri, viatu vyako bado viko mlangoni, hakuna anayethubutu kuvisogeza. Mistari ilinenepa. Kovu lilipanuka. Kisha ukingoni ukaota unyoya wa kijivu. Akauona, akajua ni nini, asinyanyue sindano ya kukwangulia. Kuvu ilikula kidole, ikala na mwani, mpaka kisahani kikawa sufi tupu.

Mkuu alipokiona alikaa chini.

"Hakuna anayekubali kupanda kile kilele tena. Huenda tusiuone mwani ule maisha yetu yote. Mdogo wako alikufa akituletea hicho, na wewe umekitazama kikioza! Wenzako wako hapo nje, wamevunjika moyo. Waombe radhi, yaishe."

Dada alikitia kisahani kwenye mfuko wa taka za kuchemshwa ili vijidudu vife, akaufunga fundo kwa mikono yake mwenyewe. Machozi yalimtiririka, hakuyafuta.

"Hakufa kwa ajili ya mwani, mama. Jiwe liliteleza. Mimi nilikuwa na kipande chake kilichokuwa bado hai, mkaniambia nikikwangue. Nilijua nini kitapotea. Nilijua kila asubuhi, na kila asubuhi nilikaa naye."

"Kwa hiyo huombi radhi?"

"Siombi."