Aliyesimama Nje ya Uzio

Mlinzi wa kitalu cha miche walimwita Kobe, kwa sababu akiudhika hujikunja na hakuna wa kumtoa. Mkewe alivumilia miaka tisa, wa kumi akafunga mizigo akaenda kwa dada yake, mtaa wa pili tu. Kobe hakumfuata. Mwaka mzima alilala upande wake uleule wa kitanda, akimkumbuka, na bado hakumfuata. Ukaidi mwingine ni ugonjwa, jamani.

Jumamosi moja mchana, mvua ilipokatika, alikwenda stoo kuhamisha mifuko ya mbolea iliyokuwa ikivujiwa. Kurudi, pampu ya maji haipo.

Kesho yake asubuhi polisi walimleta mtaalamu wa nyayo, mama mfupi mwenye rula na ndoo ya plasta ya kunakili alama. Meneja alikuwa ameshatoa hukumu kichwani mwake. Akamwonyesha udongo wa nje ya uzio wa waya, ambako viatu vya kike vilikuwa vimekanyagakanyaga mahali pamoja. Huyo ndiye aliyekuwa akiwapelelezea wezi, alisema, na lazima walielewana na mlinzi.

Kobe akainama kutazama. Kisigino cha kushoto kilikuwa na alama za misumari mitatu iliyokaa upogo. Misumari ile aliipigilia mwenyewe, siku soli ya mkewe ilipobanduka, na mkewe akamcheka wee, fundi gani huyu asiyejua kunyoosha mstari. Kumbe viatu vile bado anavivaa.

Akaulizwa kama anavijua. Akasema havijui. Kazi ikiota mbawa na iote, lakini kumtaja mkewe mbele ya polisi, hilo hapana.

Mtaalamu alichutama mpaka meneja akaanza kutazama saa. Kisha akaeleza taratibu. Nyayo za wezi zilikuwa safi, zimezama kwenye tope, kwa hiyo walikuja baada ya mvua. Za mwanamke zilikuwa zimetobolewa na matone, maana yake mvua ilinyesha ameshaondoka. Na pembeni zilikuwepo nyingine za viatu vilevile, za siku za nyuma, kingo zimemomonyoka na sisimizi wameshapitisha njia yao. Mwanamke huyu alikuja si chini ya mara tatu, akasimama, akarudi alikotoka. Pampu ya watu haimhusu. Meneja akakohoa, akaondoka kwenda kupiga simu.

Kobe akamfuata yule mama kwenye ndoo yake.

"Afande, alisimama sana?"

"Mbona unamuulizia hivyo mtu usiyemjua?" Akamtazama kidogo, akalegeza sauti. "Alisimama sana. Anapumzisha mguu huu, kisha huu. Alikuwa akitazama pale."

Akaelekeza rula kwenye vishimo vinne vya miguu ya kiti cha mlinzi, hatua sita tu ndani ya uzio. Viwili vya upande wa uzio vilikuwa vimezama zaidi.

"Ulikuwa umeegemea, kaka. Ulimpa mgongo."

Kobe akakumbuka. Jumamosi, kabla ya mvua, redio sikioni, mpira, na yeye akigombana na refa peke yake kama mwehu. Angeniita tu, aliwaza kwa hasira, kuita kuna kazi gani? Halafu hasira ikamwishia. Yeye mwenyewe alikuwa na mwaka mzima wa kuita.

Polisi walipoondoka, alikigeuza kiti kikaelekea uzio, akakaa. Alikodoa macho mpaka yakamuuma. Hakuja mtu. Na kukaa, hata ukigeuza kiti, ni kukaa tu.

Zamu ilipoisha saa nane mchana alitoka getini, akazunguka uzio, akazifuata nyayo za kurudi. Alitembea kando yake asizikanyage. Ziliishia penye lami. Ng'ambo ilionekana nyumba ya shemeji yake, mlango wazi, viatu vile viko kizingitini.

Kobe akasimama pale ukingoni, akapumzisha mguu huu, kisha huu. Kisha akaita.