Oili ya Mashine ya Mpunga

Hebu niambie, wewe ungemwamini fundi aliyefungua injini ya gari lako nawe hupo? Yunisi wa Rujewa hakumwamini. Wiki mbili tu baada ya fundi Ambrosi kulifanyia sevisi, gari lake lilikata pumzi kwenye Mlima Nyoka, hata malori yenye mizigo ya Zambia yakalipita.

"Kaninyofolea kifaa," alimwambia mumewe, Maganga. "Asiponionyesha leo, naenda polisi."

Maganga alitazama dirishani.

Pale gereji Mbeya, alikofika na Maganga, Yunisi alikataa kigoda. Alisimama nyuma ya bega la fundi, macho kwenye kila nati.

"Mama, unaniwekea kivuli."

"Kivuli hakiibi."

Ambrosi akachomoa kidude cha chuma, kirefu kama kidole, chenye kichujio chembamba. "Hiki ndicho unachodai nimeuza. Gari likienda taratibu, valvu za injini zina wakati wake wa kufunguka. Ukipanda mlima, zinatakiwa ziwahi, injini ivute hewa ya kutosha. Kinachoubadilisha wakati huo ni oili, na inapita humu. Ikiwa nzito, haifiki upesi."

"Nitajuaje kuwa ni hichohicho?"

"Nilikitia alama kwa msumari. Wateja kama wewe nawajua."

Alama ilikuwepo. Ila kichujio kilikuwa kimezibwa na kitu cheusi, kinavutika kama mlenda. Ambrosi akafungua pale pa kumiminia oili. Mdomoni zilikuwa zimenata chembe za rangi ya kaki.

Yunisi aliziokota kwa ukucha, akazisugua. Pumba za mpunga. Mashine yake ya kukoboa ina umri wa miaka ishirini, na dumu la oili yake nzito hukaa wazi pembeni, pumba zikiliangukia. Ufunguo wa chumba cha mashine wanao watu wawili tu.

"Baba Makoye," akamgeukia mumewe.

Maganga alikunja kofia yake mara mbili. "Niliona ya gari imepungua, nikajazia. Nikasema oili ni oili."

"Siku tatu unanisikia namwita mtoto wa watu mwizi, umenyamaza?"

Yunisi akamtazama Ambrosi. "Nisamehe, baba." Kisha akakivuta kile kigoda, akaketi.

Ndipo Maganga akasema, "Tangu ulinunue gari hili hunipi hata kitambaa nifute vioo, Mama Makoye. Nilitaka siku moja na mimi nilihudumie gari lako."